Jina Lililomnyamazisha Blessing

Nilinyoosha mkono nikalichukua faili kutoka kwenye meza ya Madam Dorcas, nikalifungua nikiwa nimesimama, mtoto mgongoni. Kwa miezi tisa nilikuwa nimekaa mbele ya meza ile ya shirika la kuasili watoto, kwenye kiti cha plastiki, magoti pamoja, ndio Madam, sawa Madam, nitaleta Madam. Siku hiyo alikuwa amemaliza kuniambia, macho kwenye simu yake, kwamba nimwache mtoto hapo ofisini na nguo zake nizilete Jumatatu. Blessing atarudi Mbita kwenye kituo cha watoto kwa muda, kamati iangalie upya. Aliongea kama mtu anayekukumbusha kurudisha viti ulivyoazima wakati wa matanga. Nikamuuliza ni muda gani. Akasema, muda. Aliponiona nimeshika faili, akainua uso kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Hiyo ni mali ya shirika," akasema. Nikamuuliza, "Gani? Faili au mtoto?" Nikasoma. Ilikuwa ripoti yake ya mwisho kuhusu nyumba yangu, ukurasa mmoja wa wino wa bluu, na katika ukurasa huo mmoja aliandika mambo mawili. Juu: ukoo wa mume haujamkubali mtoto. Chini: mtoto amefanyiwa tambiko na ukoo wa mume. Nikasoma tena, nikidhani labda ni mimi nisiyejua kusoma. Nilipomaliza mara ya pili, ile adabu yote niliyokuwa nimeivaa kuja Homa Bay ilikuwa imeisha, na sijaivaa tena mbele ya mtu wa ofisi tangu siku hiyo.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita Madam Dorcas aliingia kwenye duka langu la kushona hapa Migori. Amestaafu, amenenepa, mvi zimemtoka mbele ya kilemba. Alikuwa ameleta mjukuu wake wa kike kupimwa sare ya shule. Hakunitambua, na sioni kwa nini angenitambua. Yeye alikuwa na mafaili kabati nzima, mimi nilikuwa na moja tu. Nikamzungushia mtoto utepe kifuani. "Usibane sana, mama, huyu bado anakua," akaniambia, kwa sauti ileile, na nikajikuta nimeandika kipimo cha kifua mahali pa mabega. Nina miaka thelathini na tatu. Nina cherehani nne na wasichana wawili walioajiriwa. Lakini ile "mama" yake ilinirudisha moja kwa moja kwenye kiti cha plastiki, nikiwa na ishirini na sita, nikingoja mtu mwingine aamue kama neno hilo linanihusu.

Ya kwetu Isebania, ya baba na mama yangu, nayaacha. Shirika liliyauliza yote na kuyajaza kwenye fomu, na hayakumsaidia mtu. Inatosha kujua kwamba mimi ni Mkuria, naitwa Robi, nimeolewa na Mjaluo wa Ndhiwa anayeitwa Okelo, fundi wa kuchomelea madirisha na mageti, na kwamba nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu kinachekesha watu na Kikuria chake ni cha kununulia ng'ombe tu. Nilikuwa nimepoteza mimba mbili. Baada ya ya pili nikasema basi, kuna watoto ambao wameshazaliwa na hawana wa kuwachukua. Okelo alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaanza kuchomelea kitanda cha mtoto, cha vyuma, kizito kama geti la benki, akakipaka rangi ya maziwa. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na sikumuuliza tena.

Madam Dorcas alikuja kutukagua mara ya kwanza bila kusema anakuja. Tulikuwa tunaishi vyumba viwili kwenye ploti nyuma ya soko, choo cha pamoja, bomba la maji katikati ya uwanja. Alipita mlangoni bila hodi, akasimama kwenye meko yangu, akafunua sufuria. Omena, dagaa wa ziwani. Akafunua ya pili. Ugali wa jana niliokuwa nimeuweka nikaange. Akaandika. Akafungua kabati, akahesabu blanketi, akabonyeza godoro la kile kitanda cha vyuma kwa vidole viwili. Halafu akaketi, akapokea chai, akamgeukia Okelo. "Baba, huyu mtoto akifa atazikwa wapi?" Okelo alikuwa ametoka kazini, uso bado una masizi ya moto. Akaweka kikombe chini. "Madam, hata bado hatujampata." "Lazima niulize. Mtoto asiye wa damu, msichana, mkitengana, akifa. Wazee wenu wataruhusu aingie kwenye boma?" Okelo akasema hajui kama kuna watu duniani wanaopanga kaburi kabla ya nepi. Madam akaandika hilo pia. Kabla ya kuondoka akasema tutahitaji barua ya ukoo, imetiwa sahihi, kwamba wamemkubali mtoto. Nilikuwa nimesoma zile karatasi zote za shirika, nilimaliza kidato cha nne na nilikuwa mzuri wa ufahamu, na barua ya ukoo haikuwemo popote. Nikamuuliza imeandikwa wapi. "Huo ni utaratibu wa huku kwetu," akasema. "Wewe ni wa Isebania, huwezi kuujua."

Mama mkwe wangu alipopelekewa habari hiyo Ndhiwa, alicheka mpaka akakohoa. Ni mwanamke mfupi, mkavu, wa kanisani kila wiki na kitambaa chake cheupe, na mpaka wakati ule hakuwa amenipenda hata kidogo. "Ukoo hauandiki barua," akamwambia Okelo kwenye simu, na mimi nasikia kila neno kwa sababu simu yake ilikuwa ya kupiga kelele. "Ukoo una karani? Ukoo una muhuri? Mwambie huyo Madam wa Homa Bay aje niandike kwenye mgongo wake." Halafu akashusha sauti, akidhani sisikii, akasema lile lililokuwa moyoni: "Okelo, mgeni amekaa kwako miaka mitano bila kitu, na sasa anakuletea mgeni mwingine." Nilikuwa napepeta mchele. Niliendelea kupepeta.

Hata hivyo kamati ilikubali tumchukue mtoto kwa majaribio ya miezi mitatu, barua itafuata. Nikaenda Mbita. Chumba cha watoto wadogo kilikuwa na vitanda kumi na kimoja vya mbao, sakafu inanuka dawa, na kutoka nje kunaingia moshi wa samaki wanaokaushwa. Blessing alikuwa kwenye mkeka, miezi kumi, anaangalia miguu ya watu ikipita. Aliachwa kwenye benchi ya zahanati akiwa na siku chache, amefungwa leso safi, amenyonyeshwa akashiba; polisi walimtafuta mama yake, muda wa kisheria ukapita, hakuna aliyekuja. Jina Blessing alipewa na mtu wa zamu aliyempokea. "Huyu ni rahisi," mlezi akaniambia akinipa mtoto na mfuko wa nguo. "Halii." Nikasema hiyo ni bahati. Yule mlezi, mama mzee kidogo, akaniangalia kama anayetaka kuongeza neno, halafu akaliacha. Leo najua neno hilo lilikuwa nini. Mtoto wa miezi kumi asiyelia ni mtoto ambaye ameshajaribu kulia, akaacha.

Kwetu alianza kulia siku ya pili na hakuacha. Alilia akiwa ameshiba, akiwa mkavu, akiwa mgongoni, akiwa kwenye kile kitanda cha vyuma. Alilia wiki tatu. Daktari alimpima masikio, kifua, tumbo, damu, akasema mtoto ni mzima kuliko mimi. Kwenye bomba nilisikia wanawake wa ploti wakiongea huku ndoo zinajaa. "Anamfinya." "Hamfinyi, mimi nimechungulia. Ni mtoto wa kupewa tu, damu inakataa." "Si angengoja wake." Nilipofika na ndoo wakanisalimia vizuri kabisa, wakanisogezea nafasi, yule aliyechungulia akanishika bega, "Pole, mama ya mtoto wa wenyewe." Nilijaza ndoo, nikaiinua, na nikamwambia yeye peke yake kwa utulivu kwamba akichungulia tena dirishani kwangu nitamfanya achungulie kwa jicho moja. Usinione mkali bure. Nilikuwa sijalala, na nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia hata Okelo: kwamba Madam Dorcas atakuja, atamsikia mtoto tangu barabarani, na atamchukua.

Aliyekuja kwanza ni mama mkwe. Ilikuwa saa sita mchana, siku ya soko, jua limewaka juu ya mabati. Aliingia na kuku mmoja na mfuko wa mtama, akasimama katikati ya nyumba, akamsikiliza mtoto anavyolia kama mtu anayesikiliza injini. "Tangu lini?" "Tangu alipokuja, mama." "Na Mbita alikuwa halii?" "Hapana." Akamchukua. Akaketi ukingoni mwa kitanda chetu, akavua viatu, akamlaza mtoto mapajani. Huku kwao mtoto akilia bila kukoma, na hana homa wala tumbo, watu wanajua kuna marehemu anayetaka jina lake libebwe. Unataja majina ya waliotangulia, moja moja, na lile atakalolinyamazia ndilo lake. Nilikuwa nimelisikia hilo. Sikuwa na imani nalo, na hata sasa sijui kama ninayo. Nilirudi kwenye meko nikaendelea kukaanga, kwa sababu sikutaka kuonekana nangoja.

Alianza na wanaume, kwa sauti ya kawaida, kama anayeita watu waje kula. "Ni wewe Obuya? Okech? Nyandiko, ni wewe?" Mtoto analia. Akaingia kwa wanawake. Akamtaja mama yake mkwe, akamtaja dada yake mwenyewe aliyekufa akijifungua, na hapo sauti yake ikabadilika kidogo, niliona angependa sana mtoto anyamaze hapo. Mtoto akazidisha. Akataja mpaka akaishiwa. Akajifuta jasho kwa kitambaa cha kanisa. Vitunguu vyangu vilikuwa vimeungua na sikuwa nimevigusa. Kisha, kwa kunung'unika, akiangalia ukuta, akasema, "Aloo?"

Kimya. Mtoto akavuta kwikwi moja, ya pili, akaangalia mlangoni, akatulia. Tulisikia maji ya bomba nje. Mama mkwe hakusogea. Akasema tena, polepole, "Aloo?" na mtoto akanyoosha mkono akamshika sikio akalivuta. "Huyu mwanamke," mama mkwe akasema. "Miaka kumi na miwili kaburini, na bado anaingia nyumba ambayo mimi sikumkaribisha."

Aloo alikuwa mke mwenza wake, nyieka kwa Kijaluo. Waligombana miaka ishirini juu ya jiwe la kusagia mtama, na juu ya mambo mengine ambayo jiwe lilikuwa jina lake tu. Mama mkwe wangu angempa mtoto jina la mbuzi kabla ya kumpa jina la Aloo. Ndiyo sababu, mimi nisiyeamini, niliamini kitu kimoja: hakudanganya. Mtu akitaka kutunga, hujitungia anachokipenda. Alicheka, kisha akalia, kisha akanigeukia kwa hasira, akiniita binti wa Isebania kwa Kijaluo. "Nyar Isebania, chakula kinaungua na umesimama. Nyieka yangu ana njaa."

Alikaa kwetu wiki mbili, na mtoto akalala. Alimwita nyieka muda wote. "Nyieka, leo umemaliza uji wangu, na bado utasema sikukupa." "Nyieka, acha kunitolea macho, jiwe lilikuwa langu." Wanawake wa bomba walikuja mmoja mmoja kuona mtoto, na yule wa kuchungulia alinyoosha shingo mlangoni akaniita Min Aloo, mama yake Aloo, akiangalia chini. Nilimkaribisha chai. Kutoka Ndhiwa walikuja shangazi watatu wa Okelo na kuku wengine, wakamkagua mtoto vidole na masikio, wakakubaliana kwamba ana kiburi cha Aloo vilevile. Siku mama mkwe anaondoka nilimuuliza, nusu mzaha, lile swali la Madam. Alifunga viatu kwanza. "Akizeeka na akichoka, atalala karibu na Aloo mwenzake. Mimi nitakuwa upande ule mwingine, nimechoka na wao." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kosa langu ni kwamba nilimweleza Madam Dorcas. Alikuja kwa ukaguzi wa mwisho, bila hodi kama kawaida, akaita, "Blessing." Mtoto alikuwa sakafuni anapiga kifuniko cha sufuria, hakugeuka. Akaita tena. Nikasema, "Jaribu Aloo, Madam," na mtoto akageuka akacheka meno manne. Basi nikamwaga kila kitu: kilio, majina, jiwe la kusagia, mashangazi, kuku, kaburi. Nilimwekea chapati. Alikula mbili, akaitikia kwa kichwa, akaandika kwa ule wino wa bluu, na mimi nikizungumza nilikuwa na furaha ya mjinga, nikidhani anaandika kwamba ukoo umekubali. Nilidhani ile ndiyo barua aliyoitaka miezi yote. Na nitasema lililoniuma kuliko yote. Yule mama ni Mjaluo wa pale pale Homa Bay. Mimi ndiye mgeni wa mambo hayo. Yeye alijua kila hatua ninayomwambia ina maana gani, aliijua kabla sijazaliwa, na akachagua neno tambiko kwa sababu neno hilo likifika kwenye kamati, kila mtu ataona damu na mganga.

Kwa hiyo pale ofisini, faili mkononi, nilimuuliza jambo moja. "Madam, Dorcas ni la kanisani. Kwenu wanakuita nani, na lilitoka wapi?" Kalamu yake ilisimama. Mfanyakazi mwenzake wa meza ya pili akaacha kutafuna njugu. "Hayo si ya hapa," akasema. "Na ya kwangu je?" Akasema mtoto yuko chini ya shirika mpaka korti iseme, na kwamba nikiondoka naye atampigia simu chifu. Nikamwambia ampigie, na amwambie pia alikula chapati mbili. Nikaweka faili mezani, nimelifungua pale pale kwenye ule ukurasa, nikafunga leso upya kiunoni nikaikaza. Askari alikuwa ameshasimama getini. "Mama, Madam amesema nifunge." "Funga," nikasema, "lakini ujue umetufungia wawili, na huyu akianza kulia hutamnyamazisha, hujui majina." Alimwangalia mtoto, akamwangalia Madam dirishani, kisha akaenda kuchota maji ambayo hakuyahitaji. Geti likabaki wazi.

Malalamiko niliyaandika kesho yake asubuhi kwenye meza ya kukatia vitambaa, kwenye karatasi za mistari, nakala mbili kwa mkono. Okelo alisoma akiwa amesimama nyuma yangu. "Ongeza 'kwa heshima'," akasema. "Kwa nani?" "Wewe ongeza tu, Robi. Karatasi isiyo na heshima hawaisomi." Sikuipeleka kwa shirika. Niliipeleka kwa ofisa wa watoto wa serikali, Homa Bay, nikiwa na Aloo mgongoni. Karani alisema barua inatakiwa iwe imechapwa. Nikamwambia asome, kama kuna neno lisilosomeka nitamsomea kwa sauti, na foleni yote itasikia. Akasema niiache, ataipitisha. Nikasema sawa, agonge muhuri kwenye nakala yangu. Aliugonga kwa nguvu hadi karatasi ikachanika kidogo pembeni. Wiki hiyo faili letu lilipewa mtu mwingine, kijana wa kike aliyepiga hodi, na yaliyofuata yalichukua miezi mingi na yalikwisha mbele ya jaji.

Mwezi huohuo uliopita, Madam Dorcas aliporudi kuchukua sare ya mjukuu na mimi namfungia kwenye gazeti, binti yangu aliingia kutoka shule, gredi ya pili, soksi moja chini, akaomba chai kwa kelele. Nikamwambia, "Aloo, salimia wageni kwanza." Madam Dorcas alimpa mkono, kisha akauacha mkono wake pale pale hewani. Akamwangalia, akaniangalia mimi, akaangalia cherehani. "Ni yule?" "Ni huyu." Akaushusha mkono. "Nilikuwa nafanya kazi yangu," akasema. Nikamwambia, "Na mimi pia," nikampa kifurushi, na nikamsindikiza hadi mlangoni. Baada ya hapo nilifunga duka mapema, nikafungua sanduku la vyeti, nikaitoa ile nakala iliyochanika pembeni. Inasema hivi:

Kwa Ofisa wa Watoto.

KUH: MALALAMIKO JUU YA MTOTO ANAYEITWA BLESSING KWENYE FAILI

Mimi ni Robi, fundi wa nguo, Migori. Nalalamika juu ya mfanyakazi wa shirika aliyepewa faili letu.

Alitaka barua ya ukoo ambayo haimo kwenye karatasi za shirika. Ukoo ulipomkubali mtoto kwa njia yao, ameandika kwamba ni tambiko. Kwenye ukurasa huohuo ameandika kwamba ukoo haujamkubali. Yote mawili hayawezi kuwa kweli. Mmuulize ni lipi.

Mtoto hakuchanjwa chale, hakunyweshwa kitu, hakupelekwa popote. Alilia wiki tatu, akatajiwa majina na bibi yake, akanyamaza.

Ameuliza mtoto akifa atazikwa wapi. Jibu liko: Ndhiwa, karibu na mke mwenza wa bibi yake. Sasa naomba mtu aulize ataishi wapi. Ataishi hapa.

Simrudishi. Mkitaka kumwona, njooni mchana, njooni na barua ya korti, na mpige hodi. Mkimwita Blessing hatageuka.

Kwa heshima, kwa sababu mume wangu ameomba niandike hivyo,

Robi, mama yake Aloo.